Diski ya Bi Pima

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo kama watu wote, ila hakuna aliyelitumia. Mtaa mzima ulimwita Bi Pima. Ukimpelekea kitambaa hakukuuliza shughuli ni lini wala ya nani, alichomoa tepu shingoni, akakuzungushia kiunoni, akasema, "Pima kwanza, maneno baadaye." Hata kama alikupima wiki iliyopita angekupima tena, kwa maelezo kwamba watu wanakula.

Tena alikuwa mbishi. Hilo niliseme mapema, maana wako watakaomsifu kwa upole baada ya kusikia habari zake, na mimi sipendi uongo wa namna hiyo. Bi Pima hakuwa mpole. Ukimwambia jambo haliwezekani, alikutazama toka utosini hadi kwenye viatu kama anayekukadiria suruali, kisha akaenda kulifanya.

Sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, kwenye chumba cha kukatia. Huko vitambaa hutandikwa tabaka juu ya tabaka kwenye meza ndefu, na mkataji akikosea, halikosewi shati moja, yanakosewa mashati ya shule nzima. Bi Pima alikuwa mkataji. Kabla ya kugusa kitambaa alichora kila kipande kwenye gazeti, akakikata, akakishikiza kwa pini, akakitazama, akakifumua, akakishikiza upya. Wenzake walimcheka kwamba anasoma magazeti kwa mkasi. Yeye alijibu kwamba gazeti likiharibika unalitupa, lakini kitambaa cha mtu kikiharibika unatupwa wewe.

Kisha ikaja mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Msimamizi wa chumba, mtu mrefu aliyependa kusimama mlangoni kana kwamba mlango wenyewe aliuzaa yeye, alimwita pembeni.

"Mama, chumba hiki sasa ni cha watu waliosoma," alimwambia. "Wewe tutakupeleka kwenye vifungo."

"Vifungo?"

"Kazi nyepesi. Umri nao unakwenda."

Bi Pima alivua aproni, akaikunja pembe kwa pembe, akamkabidhi. Mkasi hakumkabidhi, kwa kuwa ulikuwa wake. Alipita pale mlangoni kwa ubavu, maana yule bwana hakusogea, na akatoka akiwa ameudhika kiasi kwamba alifika nyumbani bila kukumbuka njia aliyopita.

Alikuwa mjane, akiishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mawifi hao walitaniana tangu siku ya harusi na kifo cha mume hakikuwanyamazisha. Wifi alipoona fomu ya chuo cha ufundi juu ya meza, chuo kile chenye darasa la kompyuta, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wenzio wa umri wako wanapakata wajukuu, wewe unataka kupakata kibodi!"

"Mjukuu analia, wifi. Kibodi haikojoi."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitakuwa nimeshindwa nikiwa ndani. Siyo kama wewe, umeshindwa ukiwa sebuleni."

Wifi akaenda kumpigia pasi gauni la kuvaa siku ya usaili. Ndivyo walivyopendana hao.

Usaili ulifanywa na mkuu wa chuo mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na hofu ya kuaibika, na mtu mwenye hofu hiyo akipewa madaraka hukataza kila kitu asichokielewa. Alimtazama Bi Pima juu ya miwani akasema kwa sauti ya huruma, ile huruma inayouma kuliko tusi, "Mama, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi."

"Kweli walisema," alijibu Bi Pima. "Lakini mimi si samaki, Mkuu. Mimi ni kitambaa. Kitambaa kikizeeka ndiyo kinakunjika vizuri zaidi."

Mkuu alivuta fomu, akaweka saini. Ila alimwonya: mashine za chuo si za kuchezea, na atakayeharibu kitu atatoka darasani siku hiyohiyo, cheti hatakiona. Cheti hicho ndicho kiwanda kilichokidai kwa yeyote atakayeshika mashine ya kukata. Bi Pima hakuwa na haja nacho kwa ajili ya kukitundika ukutani. Alikitaka ili apite tena mlango ule, na safari hii asipite kwa ubavu.

Darasa lilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya vioo vya kufungulia kwa mkono, na kila kioo cha tatu hakikuwapo. Wanafunzi walikaa mbele ya skrini ndogondogo, lakini zote zilikuwa midomo tu. Tumbo lilikuwa moja, mashine kubwa iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma kwenye kona, ikivuma kama friji lililochoka. Kazi zote za darasa zilikaa humo, kwenye folda moja iliyoitwa Kazi. Hapakuwa na vipicha vya kubofya. Ulipewa dirisha jeusi na mstari unaopepesa, ukaandika amri kwa herufi, na mashine ikatii au ikakununia.

Mwalimu alikuwa dada mwembamba, mwenye umri wa kutosha kuwa binti wa Bi Pima, mwenye sauti ya kutosha kuwa mama yake. Mtihani wa mwisho ulidai kila mwanafunzi ajue kuandaa diski: kuisafisha, kuipanga, yaani kuitengea nafasi za kuhifadhia vitu, kuiunganisha na mashine na kuitoa salama. Mwalimu aliomba diski za mazoezi. Mkuu akakataa. Aliomba basi mashine moja mbovu ya kujifunzia. Mkuu akakataa hiyo pia, akakumbusha kwamba mwaka mmoja mwanafunzi alisafisha diski ya kweli, na ofisi ikapoteza barua zote za chuo.

Mwalimu alirudi darasani uso umemwiva. Alifunga mlango, akasimama mbele yao.

"Tumenyimwa diski," alisema. "Basi tutaunda za kwetu."

Akawaonyesha. Alichukua faili ya kawaida, faili kama ile ya kuandikia barua, akaiamuru mashine iijaze sufuri tupu mpaka iwe na ukubwa anaoutaka. Kisha akaiamuru iipange faili hiyo kama inavyopanga diski, na mashine, ambayo ni mtiifu kupita kiasi, ikaipanga bila kuuliza. Kisha akaiunganisha na folda tupu aliyokuwa ameiandaa. Kuanzia hapo ilikuwa diski. Uliweka vitu humo, ukavitoa, ukaisafisha, ukaivuruga upendavyo, na ukiiharibu kabisa unafuta faili moja tu, huku diski ya kweli iliyoibeba haijui hata kama kuna lililotokea.

Kila mtu darasani alikuna kichwa. Aliyepiga meza alikuwa Bi Pima.

"Gazeti!" alisema kwa nguvu. "Hiyo ni gazeti! Unakata kwenye gazeti kabla hujagusa kitambaa cha watu!"

Mwalimu alimtazama, akacheka, na tangu siku ile darasa likaacha maneno ya kigeni. Kuunganisha diski na folda wakakuita kushikiza. Kuitoa wakakuita kufumua. Mzee mmoja aliyekaa jirani na Bi Pima, aliyestaafu udereva wa malori na ambaye wote walimwita Dereva, alinung'unika kwamba ameacha lori ili aje kuwa mshonaji. Lakini naye alishikiza na kufumua kama wengine, kwa vidole viwili vinene vilivyotafuta herufi kama vinavyosaka chawa.

Bi Pima aliunda diski nyingi kuliko wote. Aliunda ndogo, akaunda kubwa, akaunda diski ndani ya diski kwa ukaidi tu, aone kama mashine itagoma. Haikugoma. Siku hizo alirudi nyumbani akitembea kama mtu mwenye siri nzuri, na wifi akamwambia kwamba akiendelea kutabasamu peke yake barabarani watu watasema ameolewa.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, kwa maana hili ni kosa la fundi cherehani, mwingine asingelifanya.

Asubuhi ya mtihani Mwalimu alikwenda kumpokea mtahini kituoni. Wanafunzi walibaki wakijinoa wenyewe. Bi Pima aliunda diski, akaijaza sufuri, akaipanga, vizuri kabisa. Ikabaki kuishikiza. Siku zote Mwalimu ndiye aliyewaandalia folda tupu ya kushikizia, na leo Mwalimu hakuwapo. Bi Pima akafikiri kama mshonaji anavyofikiri: kiraka hakishikizwi hewani. Kiraka hushikizwa kwenye nguo, tena mahali penye kitambaa cha kutosha. Akatafuta folda iliyojaa kuliko zote, ile nene, akaishikiza diski yake hapo. Folda hiyo ilikuwa Kazi.

Mashine ilitii. Mashine haijui kusema, "Mama, una hakika?"

Aliyegundua kwanza ni msichana wa dirishani, aliyetaka kupitia kazi yake kabla ya mtahini kufika. Aliangalia ndani ya Kazi, akatoa sauti kama aliyeona nyoka. Wengine wakaangalia. Kazi za muhula mzima, za darasa zima, hazikuwapo. Palikuwa na folda moja tu ya ajabu, ile ambayo kila diski mpya huzaliwa nayo, yenye jina la kigeni ambalo maana yake ni vilivyopotea na kupatikana.

Bi Pima aliitazama amri yake ya mwisho kwenye skrini. Alijua palepale kwamba ni yeye. Angeweza kukaa kimya, maana skrini zilikuwa nyingi na wote walikuwa wakibonyeza. Lakini alisimama.

"Ni mimi," alisema. "Nimeshikiza diski yangu kwenye Kazi. Sasa mtu yeyote asiguse kitu, nifikiri."

Wenzake hawakumpa nafasi ya kufikiri. Mmoja alilia, mwingine alimwambia maneno ambayo baadaye aliyaombea radhi. Na kelele zile zilimwingiza Mkuu, aliyekuwa amevaa suti kwa ajili ya mtahini na akitembea kwenye veranda kurekebisha tai. Aliuliza kuna nini, akaambiwa. Alivuta kiti, akaingia kwenye mashine kwa jina lake mwenyewe, maana kidogo alijua, akaingia ndani ya Kazi na kutazama. Alisoma jina la ile folda moja kwa sauti, akaishia nusu.

"Vilivyopotea," alisema. "Nilijua. Nilijua tangu siku ile ya samaki."

Alimwita fundi mitambo wa chuo, kijana mtaratibu aliyetembea na funguo nyingi kiunoni. Akamwagiza alete nakala ya mwanzo wa muhula na airudishe mashine yote ilivyokuwa.

"Mkuu, nikirudisha hiyo, kila kilichofanywa muhula huu kinafutika," alisema fundi mitambo. "Chote."

"Kimeshafutika! Unataka mtahini akute nini? Bora akute mashine safi kuliko akute msiba."

Fundi mitambo alichukua diski ya nakala, akatoa funguo, akaelekea kwenye kabati la chuma kule konani. Alimkuta Bi Pima ameshafika. Alikuwa ameburuta kiti chake, akakiegemeza kwenye mlango wa kabati, akakaa, mkoba juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri daktari.

"Mama, naomba kupita," alisema fundi mitambo kwa adabu.

"Hupiti, mwanangu. Ukipita unafuta kazi za watu."

"Wewe ndiye uliyezifuta!" Mkuu alipaza sauti.

"Labda. Kama nimezifuta nitatoka mwenyewe kwa miguu yangu, hutakuwa na haja ya kunisukuma. Lakini kwanza nijue. Sijapima bado."

"Inuka, Bi Pima."

"Siinuki."

Alisema siinuki kwa sauti ndogo. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya Mkuu. Aliogopa kwamba wanasema kweli: kwamba alikuwa mwanamke mzee aliyeingia asikotakiwa na kuharibu vitu vya watoto wa watu, na msimamizi wa kiwanda alikuwa sahihi, na mahali pake palikuwa kwenye vifungo. Aliichukia hofu ile. Akazidi kukaa.

Ndipo Dereva, ambaye muda wote huo hakuwa ameinuka wala kusema neno, alipogeuza shingo yake nene.

"Samahani," alisema. "Mbona mimi naziona?"

"Unaona nini?" aliuliza Mkuu.

"Kazi. Zote. Yangu, ya huyu binti, ya kila mtu. Hizi hapa."

"Hizo zimeganda tu kwenye skrini, mzee."

Dereva hakupenda kuambiwa kitu kimeganda. Aliandika amri upya, herufi kwa herufi, orodha ikatokea tena. Akafungua kazi ya msichana wa dirishani, akaanza kuisoma kwa sauti, na msichana akaziba mdomo.

"Wewe uliingia humo saa ngapi?" Bi Pima aliuliza kutoka pale penye kabati.

"Asubuhi mapema. Niliingia ndani ya Kazi nikakaa humohumo. Mimi nikishaingia barabara kuu sitoki toki hovyo."

"Kabla sijashikiza?"

"Kabla hata hujafika darasani."

Bi Pima alifumba macho. Aliiona suruali ya kazi yenye goti lililochakaa, na kiraka kikubwa juu yake. Ukiitazama kwa nje unaona kiraka tu. Lakini aliyeingiza mkono ndani ya mguu wa suruali anaigusa nguo ya zamani, ipo palepale, kila uzi. Kiraka hakili kitambaa. Hakuna kiraka duniani kinachokula kitambaa.

"Sikufuta," alisema, na sauti yake ikarudi yote. "Nimefunika. Dereva yuko chini ya kiraka, ninyi mko juu. Nitafumua."

"Utafumua nini? Umeshaharibu inatosha!"

"Fundi," Bi Pima alimwambia yule kijana, bila kumtazama Mkuu, "nikifumua nikakosea, kuna kitakachoharibika zaidi ya hiyo nakala yako?"

Fundi mitambo alifikiri kwa haki. "Hapana, mama. Hakuna."

"Basi kaa kwenye kiti changu usiondoke. Mtu asifungue kabati."

Na kijana akakaa, funguo zikilia kiunoni, akiwa hajui vizuri amehamia upande gani. Bi Pima alirudi kwenye skrini yake. Aliandika amri ya kufumua, akabonyeza.

Mashine ilikataa. Ilijibu kwamba mahali pale panatumika.

Darasa lote liliguna kwa pamoja. Mkuu alifungua mdomo. Bi Pima aliinua mkono mmoja, kama anavyomwinulia mteja asiyetulia akipimwa, na mdomo wa Mkuu ukafungika. Hata leo wenyewe wanabishana kama ulifungika kwa sababu ya mkono au kwa mshangao.

Panatumika. Alikumbuka Mwalimu alivyowaambia siku moja huku akicheka: nguo haifumuliwi ikiwa mwilini mwa mtu. Mtu akiwa amesimama ndani ya diski, mashine haikubali kuitoa chini ya miguu yake.

"Nani yuko ndani ya Kazi?" aliuliza. "Aliyeingia baada ya mimi, atoke. Dereva, wewe kaa ulipo, wewe hukuingia kwenye diski yangu."

Walitoka mmoja mmoja, wakisema "nimetoka" kama wanafunzi wanaoitikia majina. Akaandika tena, na mashine ikakataa tena. Bi Pima aliuma mdomo wa chini. Akaandika amri nyingine, ile ya kuiuliza mashine ni nani aliyebaki mle ndani, na mashine, ambayo haijui cheo cha mtu, ikamtaja.

Bi Pima aliusoma ule mstari mara mbili. Kisha akageuza kiti chote.

"Mkuu," alisema, "toka."

"Unasemaje?"

"Toka. Umo ndani ya Kazi. Ni wewe peke yako uliyebaki, na mradi umesimama humo sisi wote hatupati chetu."

Hakuna aliyecheka. Kule kwenye kona mashine ikaendelea kuvuma. Uso wa Mkuu ulipita rangi kadhaa. Alimtazama fundi mitambo kama anayetafuta shahidi, na fundi mitambo, akiwa bado amekaa kwenye kiti cha Bi Pima, akasema taratibu, "Ni kweli, Mkuu. Andika tu amri ya kutoka."

Nadhani kama angeamua kukataa, tungekuwa na hadithi nyingine. Lakini Mkuu, na hili nampa haki yake, alikuwa na hofu ya kuaibika zaidi kuliko alivyokuwa na kiburi. Aliinama kwenye kibodi, akatoka ndani ya Kazi.

Bi Pima alifumua. Mashine haikusema kitu, na ikikaa kimya ndiyo imekubali. Akaangalia ndani ya Kazi. Zilikuwapo zote, kila moja kwa jina la mwenyewe, kama nguo zilizokunjwa kabatini. Msichana wa dirishani alikimbia kuifungua ya kwake, akaisoma toka juu hadi chini, akarudi akamkumbatia Bi Pima shingoni kwa nguvu hata tepu ikamkaba.

Ungedhani yamekwisha. Mkuu alirekebisha tai.

"Hata hivyo," alisema, "sheria ni sheria. Nilikuonya. Kosa ni kosa, liwe limefunika au limefuta. Naomba utoke darasani."

Bi Pima alikuwa bado amekaa. Machozi yalikuwa yamemfika, ya nafuu na ya hasira kwa pamoja, lakini hakuyafuta, kwa sababu angeyafuta wangejua yapo.

"Mkuu, mimi nimekutoa wewe, na ukatoka, kwa sababu kutoka kwako kulirudisha kazi za watu. Wewe niambie, nikitoka mimi kinarudi nini?"

Mkuu alitazama mlangoni.

"Basi sitoki."

"Na mimi sitoki," alisema Dereva, ambaye kweli hakuwa ametoka popote tangu asubuhi.

Mlango ulifunguliwa wakati huohuo. Mwalimu aliingia na mtahini, mama mmoja mnene mwenye viatu vya kutembelea safari ndefu, jasho likimtoka. Alitazama darasa lililosimama, Mkuu mwenye rangi zake, na kijana aliyekaa ameegemea kabati akiwa na diski mkononi.

"Kuna tatizo?" aliuliza mtahini.

Mkuu alivuta pumzi ya kusema hapana. Bi Pima alimtangulia.

"Lilikuwapo. Nimeshikiza diski juu ya folda yenye kazi za wenzangu, nikazifunika zote. Kisha nikafumua, zimerudi. Mkuu anasema nitoke, mimi nasema sitoki. Ndipo tulipofikia."

Mwalimu alishika kichwa. Mtahini alitafuta kiti, akakaa, akavua kiatu kimoja chini ya meza.

"Diski mlipata wapi? Niliandikiwa kwamba chuo hiki hakina diski za mazoezi."

"Hatuna," alisema Bi Pima. "Tunaunda."

"Basi niundie moja. Nianze na wewe."

Bi Pima alivuta kibodi. Hakuanza na diski. Kabla ya yote aliunda folda mpya, akaangalia ndani yake kama ni tupu, akaangalia tena. Mtahini aliuliza kwa nini anaangalia mara mbili. Alijibu kwamba ndivyo alivyopewa jina. Kisha akajaza sufuri, akapanga, akashikiza, akaweka kitu ndani, akakitoa, akauliza kwa sauti kama kuna mtu ndani, na bila kutaka, macho ya darasa yote yakamwendea Mkuu. Mkuu mwenyewe alitikisa kichwa: hayumo. Akafumua.

Cheti alikipata. Wifi alikipiga picha, akakionyesha mtaani kwa watu ambao hawakuuliza, akidai kwamba yeye ndiye aliyempa moyo tangu mwanzo. Mwalimu alipata diski za mazoezi muhula uliofuata, na hakuzitumia sana. Darasa lilishazoea gazeti. Mkuu na Bi Pima hawakuwa marafiki, lakini siku ya kukabidhiwa vyeti alimwambia, "Kitambaa kikikunjwa," na akashindwa kumalizia, na Bi Pima akamshika mkono bila kumdai amalizie.

Wiki iliyofuata alikwenda kiwandani. Alivaa gauni la pasi ya wifi, tepu shingoni, mkasi wake ndani ya mkoba na cheti pembeni ya mkasi. Chumba cha kukatia kilikuwa palepale, mashine mpya ikinguruma ndani, na msimamizi amesimama mlangoni vilevile, bega kwenye fremu.

"Mama!" alisema kwa mshangao wa kirafiki. "Umetukumbuka. Umekuja kusalimia?"

"Nimekuja kazini. Ofisini wameshasaini."

"Kwenye vifungo?"

Bi Pima alimtazama toka utosini hadi kwenye viatu, akamkadiria.

"Toka mlangoni, baba," alisema. "Napita."

Akasubiri asogee, akasogea, naye akaingia kifua mbele.